Nati za Mgika na Nati za Mgalu

Mimi sikuzaliwa Maganzo, na Mungu akipenda sitazikwa huko. Ni Msumbwa wa Ushirombo, jina langu Ignas, na mwaka hamsini na tatu nilikuwa dereva wa lori la chama cha wakulima wa pamba. Lori lenyewe Bedford kuukuu, limechoka. Injini ilipofunguliwa ili itengenezwe, mwenyekiti wetu Mzee Bujiku aliniambia bila kupepesa macho: Jumatatu pamba isipofika kiwandani Shinyanga, usukani atapewa mtu mwingine. Usukani huo ndio uliokuwa ukimlisha mke wangu Coletha, binti yetu Klara na wadogo zake.

Ili kazi iishe haraka, mzee akaita mafundi wawili, Jilala na Maduhu. Hapo ndipo alipoharibu. Jilala alikuwa Mgika, Maduhu Mgalu, na vyama hivyo viwili vya ngoma hushindana kila baada ya mavuno. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Wiki ile watazamaji wote walikuwa wamekimbilia kwa Wagika, Wagalu wakaachiwa uwanja mtupu. Maduhu akaapa kwamba Jilala ndiye aliyefukia dawa pale uwanjani. Tangu hapo hawakusalimiana, wala mmoja hakugusa spana iliyoshikwa na mwenzake, akiogopa kurogwa. Watu wazima na ndevu zao.

Ilipofika siku ya kufunga kifuniko cha silinda, wakagawana injini kama nyama. Jilala akachukua nati za mbele, Maduhu za nyuma.

"Jamani, hiki hakikazwi hivyo," nikawaambia. "Mnaanza na nati za katikati, mnapishanisha huku na huku mpaka pembeni, kidogo kidogo, kisha mnarudia. Mkikaza upande mmoja kwanza, wa pili unanyanyuka, gasketi inayozuia maji haikai." Niliyaona hayo jeshini, Burma, sikuyaota.

Jilala hakuinua hata kichwa. "Baba Klara, wewe shika usukani. Spana ina wenyewe."

Akakaza zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akafunga spana zake kwenye kitambaa, akaenda zake. Ndipo Maduhu, aliyekuwa nje akitafuna muwa, akaingia kukaza za kwake. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamfuata Mzee Bujiku, nikamwomba awaamuru wafungue waanze upya. Akanijibu kwamba dereva anayewafundisha mafundi kazi anatafuta sababu ya kutosafiri. Nilimchukia mzee yule, nasema wazi.

Jumatatu tukapakia pamba, mzee akakaa mbele pamoja nami. Hata nusu ya njia hatukufika. Injini ikaanza kukohoa, mvuke ukafumuka upande wa nyuma wa kifuniko. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamepenya ndani. Mzee akamtuma mpita njia mwenye baiskeli awaite mafundi.

Walikuja kila mmoja na baiskeli yake, mmoja mbele, mwingine nyuma kabisa, ili wasionekane wameongozana. Nikajisemea, leo watararuana. Kila mmoja atazisingizia nati za mwenzake, na mzee atajionea mwenyewe nilichokuwa nasema. Nilingoja kwa hamu, sifichi.

Jilala akachungulia injini. Maduhu naye akachungulia. Kisha wakatazamana, mara ya kwanza tangu ngoma ile.

"Gari limekimbizwa bila maji," Jilala akasema.

"Bila maji kabisa," Maduhu akaitikia. "Nati hazina neno. Ni dereva."

Nikamgeukia mzee, nikamwambia maji nilijaza alfajiri kwa mikono yangu, nikamweleza upya habari ya nati, sauti ikinipanda. Wale wawili walisimama bega kwa bega wakinitazama, kama watu waliokula sahani moja tangu utotoni.

Mzee Bujiku alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa.

"Baba Klara," akasema, "hawa wawili hawajapata kukubaliana hata jua linachwea upande gani. Leo Mgika na Mgalu wamesema neno moja. Mimi ni nani nilikatae?"

Akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Nikampa, nikarudi kwa miguu kumwambia Coletha kwamba hatuna kazi.