Mwamba wa Nguzo ya Tatu

Ulichimba au hukuchimba? Hivyo tu nilimuuliza Liban, sina nguvu ya kuzunguka, na yeye, fundi wetu wa kupima udongo, amesimama mlangoni anaanzia kwenye salamu, habari ya nyumbani, habari ya joto, kana kwamba joto ni mgeni Garissa... huku programu inanisubiri, daraja la laga, ule mto mkavu wa msimu, limekaa kwenye skrini, nguzo ya kwanza tayari, ya pili tayari, ya tatu bado inauliza, kipenyo, nimeandika, urefu, nimeandika, chini imekaa juu ya nini, na hapo mkono umegoma, kwa sababu ripoti yake inasema mwamba uko mita tisa na nusu, sawasawa na nguzo ya pili, na shimo la pili lilitoa mfupa wa ngamia kwenye mita ya nne, na la tatu nalo likatoa mfupa wa ngamia kwenye mita ya nne, ngamia gani huyu wa kuzikwa mara mbili... sasa amefika kwenye kisima, anasema pale penye nguzo ya tatu ukoo wa mama mmoja aitwaye Weris wana kisima chao mchangani tangu enzi za mababu, na wazee wao walikuwa wamehama na mifugo, hakukuwa na wa kuombwa ruhusa, "Wewe mwenyewe ungebitisha mashine hapo, abaayo?" ananiita dada, na kusema kweli nisingepitisha, kwetu Wajir watu wameng'oana meno kwa kisima, lakini si angesema tu, badala ya kunijengea mwamba wa karatasi, maana mvua ikinyesha laga haisomi ripoti, inafukua mchanga chini ya nguzo, na juu kuna lori la maji la Dadaab, kuna basi la shule limejaa watoto wa watu... na Nairobi wanataka faili kabla ya adhuhuri, nibonyeze tu kwamba chini nguzo imeshikwa kabisa na mwamba, programu haina aibu, ukiidanganya inakuchorea rangi nzuri... Liban anatazama viatu vyake, nami nangoja akiri, nataka sana akiri, ajitwishe yote, mimi nibaki na shahada yangu imenyooka ukutani, injinia msafi, lakini mbona leo niliufungua ukurasa ule wa mfupa wa pili moja kwa moja, bila kutafuta... Ramadhani, saa nane mchana, koo limekauka, nilisoma, nikacheka peke yangu, nikasaini ripoti, nikaenda kulala... kisanduku bado kitupu, mshale unapepesa palepale, Liban anafungua mdomo, namkatiza.

"Ngoja, Liban. Mimi nilijua tangu Ramadhani kwamba hukuchimba. Nilijua, na nikasaini."