Zamu ya Kasuku Kuchungulia

Mlango uligongwa asubuhi, mama Kasuku akiwa na mswaki mdomoni na kiatu kimoja mguuni. Nje alisimama mwanamke mnene, mgeni kabisa, na mkoba begani.

"Nimetumwa na yaya wako," alisema. "Leo haji. Wala kesho. Kapata kazi kwingine."

Mama Kasuku nusura ameze dawa ya meno. Leo alikuwa na mtihani chuoni, na siku zote mtihani mkubwa na balaa huja wameshikana mikono. Kisha akauona ule mkoba, moyo ukatulia. Kumbe yaya muungwana: kaondoka, lakini kaleta wa kushika nafasi yake. Akamvuta mgeni ndani.

"Mungu akuzidishie, dada yangu. Uji uko kwenye chupa. Mtoto akisema kashiba, mwongo, mwongeze. Kumlaza, mwimbie wimbo wa paka. Wa bata usithubutu, unamwamsha. Akikuuliza maswali, jibu mawili ya kwanza. Ukijibu la tatu, umekwisha."

Mgeni alisikiliza yote kwa adabu, hata akaurudia wimbo wa paka kuhakikisha ameushika.

"Nimekuelewa, mdogo wangu," alisema mwishowe. "Ila mimi nimefuata ndoo yake tu. Ile ya bluu."

Akapewa ndoo, akaenda zake.

Majirani walikuwa wameshakwenda kazini. Shangazi aliishi mbali. Baba Kasuku naye aliondoka zamani kwenda kutafuta maisha, na inaelekea maisha hayo yanajua kujificha. Basi mama akambeba mtoto mgongoni, wakaenda mtihani wote wawili.

Kasuku alikuwa na miaka minne, na jina hilo la utani alilipata kwa haki. Alizungumza na viatu, na kuta, na chakula kabla ya kukila. Kwenye lango la chuo mama alimshusha, akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, ukikaa kwenye benchi bila kusema neno mpaka nimalize, utachungulia kwenye darubini."

"Mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe."

"Kwa jicho lipi?"

"Utakalopenda. Kuanzia sasa, kimya."

Kasuku alivuta pumzi, akajaza mashavu, akafunika mdomo kwa viganja viwili kama anayeziba bomba lililopasuka.

Mwalimu wa upimaji ardhi aliitwa Bwana Milimita, kwa kuwa hakuwahi kumsamehe mtu hata milimita moja. Alivaa kofia pana, na hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu chini yake.

"Huyu naye kasajiliwa?" aliuliza.

"Yaya kaniacha, mwalimu. Hata ndoo kaifuata."

"Ndoo si hoja yangu. Akisema neno, mnatoka wote. Na kengele ikilia, darubini inaingia sandukuni hata kama jicho lako bado limo."

Mtihani ulikuwa wa kulizunguka jengo la maabara na darubini ya miguu mitatu, kupima ardhi inapanda na kushuka kiasi gani, kisha kurudi pale ulipoanzia. Ukirudi, hesabu zako ziseme hujapanda wala hujashuka. Zikisema vingine, hilo ndilo kosa lako. Likizidi milimita tano, unarudia mwaka. Likiwa chini ya mbili, jina lako linapelekwa kwa wajenzi wa barabara, wanaochukua wanafunzi wakati wa likizo. Mama Kasuku alikuwa amesharudia mwaka mmoja, ule aliojifungua. Na kazi ya barabarani aliiota hata akikoroga uji.

Mwenzake, kijana mrefu waliyemwita Ngongoti, alimshikia ubao wa namba, naye mama akausoma kupitia darubini. Ilikuwa darubini ya kizamani, inayoonyesha kila kitu miguu juu. Wanafunzi walikuwa wameshaizoea, wakisoma namba zilizopinduka bila kukunja uso. Kituo baada ya kituo, kazi ikaenda kama maji mtelemkoni.

Kasuku hakusema neno. Nzi alimtua puani, akamkodolea macho mpaka akaondoka mwenyewe. Kwenye kona ya stoo Ngongoti aligeuka, akayaona yale mashavu yaliyovimba kama puto, kicheko kikampanda. Akakimeza, lakini ubao ulishayumba.

Mama alimaliza, akajumlisha. Milimita nne.

Bwana Milimita alipitia karatasi yake polepole. "Umefaulu," alisema. "Lakini kosa liko kona ya stoo, niliuona ubao ukicheza. Una muda wa kurudia kuanzia pale, ukiacha mzaha. Utashuka chini ya mbili."

"Shemeji, nisamehe," Ngongoti alinong'ona. Hakuwa shemeji yake, ila hatia humfanya mtu atafute undugu. "Twende mbio, safari hii nasimama kama nguzo."

Mama alishika miguu ya darubini kuiinua. Macho yake yakaangukia benchi. Kasuku alikuwa amesimama. Mikono bado mdomoni, jicho moja limefumbwa tayari, lile lingine linasubiri zamu yake.

Muda ungetosha kimoja tu: kona ya stoo, au jicho hilo.

Mama aliiwazia barabara, ndefu, nyeusi, mpya. Akashusha pumzi, akaiacha darubini palepale.

"Nimemaliza, mwalimu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Kasuku, njoo."

Akambeba kiunoni, akamwelekeza jicho kwenye kioo. Kasuku alitoa mikono mdomoni, na maneno ya asubuhi nzima yakafunguliwa.

"Mama, mwalimu amepinduka. Miguu iko mawinguni. Mama, mbona kofia haidondoki?"

Bwana Milimita alibaki pale aliposimama mpaka kengele ikalia, ameishika kofia yake kwa mikono miwili.