Kidole Kwenye Simiti

Njagi alipiga magoti mara ya kumi na moja, akachovya kidole. Simiti ikakimeza kama uji. Akakitoa, akakifuta kwa suruali, akaangalia simu. Saa saba na dakika kumi.

"Saa hizi kwetu Embu, kule Dallas, tungekuwa tunaosha vifaa," akasema.

"Si ungebaki Dallas," Gachoki akamjibu. Alikuwa amekalia ndoo, anatafuna mahindi ya kuchemsha kama mtu ako likizo.

Walikuwa wawili tu. Munyi, mdosi wao, aliwaacha hapo Githongo asubuhi, na kabla aingie kwa pikapu alimwambia Njagi maneno ambayo hayakuwa yamemtoka kichwani: hii kazi ni yako. Ikitoka sawa, ya Kianjai wiki ijayo unaisimamia wewe. Ikiharibika, unarudi kwa wilbaro. Njagi alikuwa ameisukuma hiyo wilbaro miaka minne tangu aache shule. Mgongo wake ulikuwa unaijua vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa uwanja wa mama mmoja anaitwa Cicily, kutoka geti mpaka mlango wa jikoni. Unamwaga simiti yenye rangi, unailainisha, unangoja ikaze kiasi. Unanyunyiza poda nyeusi ndio mpira usishike, unalaza mikeka ya mpira, unaigonga. Ukiinua mkeka, simiti imebaki na sura ya mawe yaliyopangwa. Embu, na lile jua lao, unamwaga saa tatu na kufikia saa sita unagonga. Lakini huu ulikuwa mwezi wa saba, na Githongo jua lilionekana mara ya mwisho Jumapili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya shamba la kahawa mpaka huoni nyumba ya jirani.

Njagi alitembea mpaka geti. Akarudi. Akaenda tena.

"Kijana, utatoboa shimo hapo," Cicily akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na thamosi ya chai, amevaa gumbuti na kofia ya sufu. "Watu wa Embu, hata chai mnakunywa mkikimbia?"

"Mama, hii simiti yenu ni mgonjwa."

"Si mgonjwa. Inasikia baridi, kama mimi."

Alimwaga chai kwa vikombe, akaangalia ule uwanja vile mtu anaangalia ng'ombe aliyenunuliwa na mwingine. Kijana wake Mwongera, aliye Nairobi, alikuwa amemtumia picha ya mawe madogo ya mviringo. Cicily alikataa. Maharagwe yakianikwa hapo yataingia katikati, na yeye hana sindano ya kuyachokoa moja moja. Akachagua mawe makubwa, bapa, yenye mistari ya juu juu.

"Na ile dawa ya kung'arisha mtapaka juu," akasema, "isiniangushe. Dada yangu alivunjika kiuno kwa taili."

"Tutachanganya na mchanga mwembamba. Hutateleza."

"Na kupiga maharagwe na fimbo?"

"Usipigie hapo. Utaikwaruza. Osha na sabuni na ufagio, usimwage asidi, na dawa tunapaka tena baada ya miaka miwili mitatu."

"Kwa hivyo maharagwe nipigie kitandani."

"Tandika turubai, Mama."

Gachoki alicheka mpaka akapaliwa na mahindi. Njagi hakucheka. Alikuwa ameangalia juu, na juu kulikuwa kumeanza kuwa kweusi. Mvua ikipiga simiti mbichi, kwisha. Saa saba na nusu akachukua poda.

"Bado," Gachoki akasema.

"Unataka mvua itupate?"

"Nylon iko. Tutafunika. Hiyo bado, buda."

Njagi alinyunyiza poda pale mlango wa jikoni, akalaza mkeka, akagonga mara tatu. Alipouinua, ulikuja na ngozi ya simiti na ule mlio wa kunyonya kama gumbuti ikitoka kwa matope. Chini palibaki kidonda chenye upana wa mlango.

Njagi alichukua mwiko akalainisha haraka, lakini poda ilikuwa imeshaingia ndani. Kila akipitisha mwiko, weusi unatapakaa. Mwishowe palikuwa sawa, ila pana doa kama mahali jiko la makaa limemwagika.

Manyunyu yakaanza. Wakavuta nylon wote watatu, Cicily akishika pembe moja, wakaiinua kwa mbao isiguse. Njagi akachuchumaa ukingoni chini yake, mkono mmoja nje kupima mvua, na kila baada ya dakika kumi anaingiza kidole. Miguu ilimwasha. Alitamani kurusha huo mwiko kwa kahawa. Saa nane. Saa tisa. Saa kumi kasorobo kidole kiliingia kidogo tu, kikaacha alama safi, na hakikutoka na kitu.

Manyunyu yalikuwa yamekatika. Akasimama, akavuta nylon kando. "Leta mikeka."

Waligonga bila kupiga domo. Kila mkeka ulioinuliwa uliacha mawe makubwa, mistari imenyooka mpaka geti. Hata pale penye doa mawe yalitoka. Weusi tu ndio ulibaki.

"Nitamwambia mdosi wenu ni mimi nilimwaga majivu," Cicily akasema pole pole. "Atanifanya nini?"

Njagi aliangalia lile doa. Ilikuwa rahisi sana, na Munyi angeamini. Kisha pikapu ikasikika.

Munyi aliingia kwa ukingo, mikono nyuma, akapita na macho kutoka geti mpaka jikoni. Akasimama hapo.

"Hii nini?"

Cicily alifungua mdomo.

"Niligonga mapema," Njagi akasema. "Gachoki alinikataza. Niligonga tu."

"Na hii ingine yote?"

"Nilingoja."

Munyi aliinama, akapapasa jiwe moja la katikati, halafu lingine. Gachoki akaanza kuosha mikeka ambayo ilikuwa tayari safi.

"Tukija kupaka dawa mwezi ujao, utakuja na rangi, ujaribu kupunguza hilo doa. Halitaisha," Munyi akasema. "Sasa niambie. Kianjai kuna jua kali. Tukimwaga saa mbili, utaanza kugonga saa ngapi?"

Asubuhi Njagi angemjibu kabla hajamaliza kuuliza. Alifuta kidole kwa suruali.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui mpaka niingize kidole."

Munyi alinyoosha mgongo, akaangalia ukungu, akatoa funguo.

"Jumatatu saa kumi na moja asubuhi. Uchague mtu wa wilbaro."

Cicily alikuwa ameshaenda kutafuta turubai.