Tundu la Hudson

"Njia ziko kadhaa," daktari alimwambia Wabwire asubuhi ile, akiinua picha ya figo dirishani. "Jiwe dogo tunalipiga kwa mawimbi, bila kukukata. Ama tunapitisha kamera kwenye njia ya mkojo. Lakini hili lako ni kubwa. La hivi mtu hutobolewa tundu dogo mgongoni, jiwe likavunjwa hukohuko ndani, likatolewa vipande vipande."

"Basi nitoboe, daktari."

"Mashine hatuna. Iko Mombasa, hospitali ya binafsi. Hapa nitakupasua ubavu. Kesho."

Wabwire ni kibarua, anakata mkonge. Nyapara alikuwa ameshamwambia: mtu aliyepasuliwa ubavu habebi tita la mkonge, nafasi yake anapewa mwingine.

Jioni, mtaani kwao Kaloleni, mkewe Ajiambo akamburuta kwa jirani. Hudson, karani wa reli, alikuwa amerudi kutoka hiyo Mombasa, ametobolewa. Bima ya kazini ndiyo iliyolipa, na mchungaji na watu wa kanisa walikuja kumshukuru Mungu pamoja naye. Jiwe lake lilikuwa kubwa vilevile. Maji ya chumvi, yanayosemekana huleta mawe, wanachota kioski kimoja.

Hudson akapandisha shati. "Cheki, jirani. Kama kifungo! Jumatatu niko ofisini."

Wabwire akainama. Akalitazama lile tundu kama vile mtu anavyotazama shamba la jirani lililonyeshewa peke yake.

"Haliumi?"

"Linawasha tu. Wangenipasua, ningelia kama mtoto!" Watu wakacheka.

Tryphena, mke wa Hudson, akaweka birika chini, akamgeukia Wabwire. "Baba, wewe ndiye unaijua hii shida. Hebu tuombee."

Ajiambo akamfinya mkono. Wabwire akasimama hivyohivyo, kiuno kikimchoma, akafumba macho.

"Mungu Baba, asante kwa Hudson. Maji tunakunywa mamoja, wewe unajua. Yeye amepata tundu, mimi napata kisu. Kazi yake inamngoja, yangu inapewa mtu. Kama mashine ni za wenye bima, basi na mawe yawe ya wenye bima. Ikishindikana, mrudishie lake, tukalale wadi moja."

Hakuna aliyegusa chai. Mchungaji akakohoa. Hudson akashusha shati polepole, haangalii mtu.

"Amina," akasema Ajiambo peke yake, kwa sauti.