Unga Usiokwaruza

Mume wangu Zubairi alikuwa mwalimu wa fizikia Tororo, na mke mwenzangu aliitwa Protoni. Akila anamwaza, akilala anamwota.

"Mama Muhamadi," aliniambia, "huko ng'ambo wanairushia protoni elektroni, wanatazama zinavyotawanyika, wanajua kilichomo ndani. Na humo humo huenda kimejificha kitu kipya, hakijaonwa na mtu."

Nikamjibu kwamba mimi nataka kuona sabuni, imepotea madukani.

Miaka ile kahawa ilikuwa dhahabu upande wa Kenya, na kuivusha ilikuwa kifo. Sisi wanawake wa magendo tuliitia katika mfuko mdogo, tukaufukia katikati ya gunia la unga wa muhogo, tukaenda nalo mpakani Busia. Zubairi hakujua. Mtu wa kuchungulia protoni hakuwahi kuchungulia jikoni kwake.

Kapteni mpya wa mpakani akasikia sifa za Zubairi, akamwita.

"Profesa, nasikia wewe naona ndani ya kitu bila kufungua. Tafuta kahawa. Kama hapana pata, wewe naingia buti ya gari."

Walioingia kwenye buti hatukuwazika, kwa sababu hawakurudi.

Maskini Zubairi akatumia njia ya protoni: sindano ndefu ya chuma, ichomwe guniani, isikilizwe. "Lakini kwanza, afande, tupime gunia tunalojua ni safi. Tukipima la kawaida na kutafuta jipya katika magunia yaleyale, hilo jipya litahesabiwa nalo kuwa la kawaida, tusilione tena."

"Hapana poteza siku! Pima yote, tafuta yote, leo leo!"

Wakachoma. La mwenzangu Apendi likakwaruza katikati, penye kahawa, la Felistus likakwaruza, langu likakwaruza. Kwa kuwa yote yalikwaruza, kapteni akatoa amri: kwa kawaida yake, unga wa muhogo hukwaruza katikati. Basi tukawa tunavuka kama maharusi.

Ndipo akaja Nasirumbi, mjane wa kijiji cha Iyolwa, anampelekea unga binti yake aliyejifungua ng'ambo ya mpaka. Sindano ikazama hadi chini, kimya.

"Iko wapi kwaruza?" kapteni akafoka. "Hii kitu gani? Sumu? Baruti?"

"Ni muhogo, mwanangu. Nimeutwanga mwenyewe."

"Buti!" Akaenda kuagiza gari.

Zubairi akalitazama gunia lile, kisha akanitazama mimi kwenye foleni na gunia langu. Nikajua ameelewa. Akisema kweli, naingia mimi. Akinyamaza, anaingia mama wa watu. Akaanza kuifuta sindano. Nilimhurumia, na hasira zilinipanda pia.

Nikauchomoa mfuko wangu wa kahawa, nikausukuma ndani ya unga wa Nasirumbi, naye amejifunika uso kwa leso akilia. Zubairi akasogea, akasimama kati yangu na askari. Sasa langu ndilo lililokuwa safi, yaani la hatari, nikalitoa kwenye foleni ili nilirudishe nyumbani.

Aliporudi kapteni, Zubairi alimwambia, "Afande, mkono wangu ulitetemeka. Tupime tena."

Kwaruu! Kapteni akampiga mgongoni kwa furaha. "Sayansi!" Nasirumbi akavuka huku akiapa kwamba unga wake hauna mchanga.

Jioni nilisonga ugali wa unga uliobaki. Zubairi aliukodolea macho.

"Miaka yote natafuta kitu kipya," akasema. "Leo kimekuja chenyewe kutoka Iyolwa, na mimi ndiye niliyesimama pale ili ukifukie."

Nikampakulia. Ugali ulikuwa laini, bila hata punje moja, na ulitushinda kumeza.