Vitambaa vya Mbegu

Dorothée alisikia kinu kabla hajaona paa hata moja la Lusangi. Alikuwa nyuma ya pikipiki ya Ruphin, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, anarudi kutoka Kabambare kwenye matanga ya mama yake mkubwa. Akampiga Ruphin begani.

"Zima kidogo."

"Nizime kwenye mlima, Mama Dorothée? Hii mashine ikizimika hapa tutaisukuma sisi wawili mpaka nyumbani."

"Zima, nasema."

Ruphin akazima. Pu, pu, pu. Kinu hakikuwa kimoja, vilikuwa vingi, vinajibizana kama siku ya ndoa. Ruphin akacheka. "Kumbe ni ile siku ya wageni wa proje! Leo tutakula wali, mama."

Dorothée hakucheka. Mradi wa kilimo uwe na wageni au usiwe nao, mwezi wa nane hakuna mtu anayetwanga mpunga Lusangi. Mwezi wa nane watu wanakula muhogo na kunyamaza. Mpunga unaobaki wakati huo ni wa aina moja tu, na huo hautwangwi.

Huo ulikuwa unakaa jikoni kwake, juu ya mafiga. Ndivyo wanawake wa bonde wanavyofanya tangu bibi zao. Wakivuna, kila mmoja anachagua masuke yaliyojaa vizuri, anayafunga, na juu ya kila fungu anakaza kipande cha kitenge chake ili lijulikane ni la nani. Kisha mafungu yote yanapelekwa kwa mwanamke mmoja, yanapangwa kwenye uchaga juu ya moto. Moshi unayapaka masizi, wadudu wanakimbia, hata panya anapiga chafya na kwenda zake. Nyumba ya mwenye kutunza haina kufuli. Mtu wa Lusangi anaweza kuiba kuku, anaweza kuiba hata mke wa mwenzake, lakini mbegu, hapana. Kazi ni moto tu, usizimike. Ndiyo maana alipokwenda matanga alimwachia Elsa, mke wa mdogo wake, auangalie.

Na mwaka huu mbegu hiyo ilibeba bonde zima. Upande mmoja wa bonde wachimbaji wa dhahabu walikuwa wamekwisha kuula. Pale mama zao walipovuna, sasa kuna mashimo yenye maji mekundu na vyura. Juu ya upande uliobaki, mwenye ardhi alitoa neno mbele ya watu wote: mvua ya kwanza ikikuta wanawake wanapanda, bonde ni lao. Ikikuta majani, Souleymane mwenye mashimo atashuka na watu wake na mabeleshi yao.

"Washa," Dorothée alisema. "Unipeleke kwa prezida."

Prezida wa chama cha wakulima alikuwa Gédéon. Wanachama wote wa chama hicho ni wanawake isipokuwa yeye. Walimchagua kwa sababu anajua Kifaransa na ana viatu vya kufunga kamba.

Uwanja wake ulikuwa umefagiliwa. Mbele ya nyumba walikuwa wametundika kitambaa kirefu chenye vipande vya rangi, chekundu, cha njano, cha kijani, kila kipande na namba yake, na maneno makubwa juu: KILIMO CHETU, MALENGO YA DUNIA. Chini ya kitambaa wanawake walikuwa wanatwanga. Mathilde, mke wa Gédéon, alishika mchi wa kwanza. Elsa alikuwa anapepeta.

Dorothée hakuhitaji kuuliza. Harufu ya moshi wa jikoni kwake ilimpiga puani kama kofi. Akaangalia chini. Katikati ya makapi, vikikanyagwa na kuku, vilitupwa vitambaa. Cha maua ya bluu, cha mama wa kwaya. Cha samaki wa njano, cha mjane wa ng'ambo ya mto. Na chake mwenyewe, cha zambarau.

"Elsa."

Elsa akatua ungo. "Wifi. Umerudi. Pole na matanga."

"Unapepeta nini?"

"Ba Gédéon alikuja mwenyewe. Alisema umemupigia simu, umekubali. Alisema wageni wanatoka Kinshasa, tutawapa muhogo? Itakuwa haya ya kijiji kizima."

"Kabambare nilikuwa nalia maiti, Elsa. Simu yangu ilizimika hata hatujazika."

Elsa akaanza kulia. Dorothée hakumwangalia tena, maana angemwangalia angempiga, na wa kupigwa hakuwa yule.

Wa kupigwa alitoka ndani akifunga tai. "A, Mama Dorothée! Umefika saa nzuri. Utakaa mbele, kuna kitenge cha proje kinakungojea."

"Mbegu iko wapi?"

"Usianze. Nisikilize kwanza. Mugeni ni baraka, na hawa si wageni wa kila siku…"

"Mbegu iko wapi, Gédéon?"

Alimwita jina tupu, bila "ba" ya heshima, mbele ya mke wake. Vinu vyote vikanyamaza.

"Iko. Imebaki kidogo pale kwenye kitunga. Wewe unaona mafungu ya masuke, mimi naona mbali. Hawa watu wakikula vizuri, wakipiga foto zao vizuri, watatuletea mbegu ya kisasa, gunia juu ya gunia."

"Kama mwaka jana?"

"Mwaka jana walileta!"

"Walileta wakati mvua iko inaisha! Tulipanda kwenye vumbi. Waliovuna ni ndege."

Mwanamke mmoja akacheka kwa pua. Gédéon akafuta jasho. Dorothée akaenda kwenye kitunga, akakitazama. Masuke yaliyobaki yangeweza kufunika kaburi moja, siyo bonde. Akainua macho. Nyuma ya nyumba, jiko la Mathilde lilikuwa linatoa moshi mwembamba, moshi wa moto usiopikia kitu.

"Na ile mbegu yenu? Ile ya shamba lenu la barabarani? Naona uchaga wenu unapata moshi."

Mathilde aliangalia ndani ya kinu kama kuna kitu kimeangukia humo.

"Mama Mathilde alikataa," Elsa alinong'ona. "Alisema yake haitatwangwa."

"Ndiyo, nilikataa!" Mathilde akalipuka. "Ungekuwa weye ungekubali? Ile ni ya watoto wangu!"

"Na hii ilikuwa ya watoto wa nani?"

Kisha Dorothée aliinama. Hakutukana, hakupindua kinu, ingawa mikono ilikuwa inamwasha. Aliokota vitambaa, kimoja kimoja, akavikung'uta makapi, akavifunga kwenye pembe ya kitenge chake. Alikuwa bado ameinama pikipiki za wageni zilipoingia, na watoto wakapiga kelele, na Gédéon akakimbia na viatu vyake vya kamba.

Wageni walikalishwa kwenye viti vya kuazima vya kanisa. Mkubwa wao alikuwa Madame Laetitia, mama mwenye miwani, mzaliwa wa Kindu, na kwa hiyo Kiswahili alikijua. Souleymane naye alikaa mbele, kofia juu ya goti, kama mtu aliyekuja kuangalia nyumba anayotaka kununua.

Gédéon alisema sana. Alisema kilimo ndicho ufunguo. Alionyesha kipande cha pili cha kitambaa kwa fimbo na kusema, "Kumaliza njaa! Hapa Lusangi, waheshimiwa, tumekwisha kuanza!" Watu wakapiga makofi, kwa sababu sahani zilikuwa zinatoka. Wali mweupe, kuku juu yake, sombe ya majani ya muhogo pembeni. Madame Laetitia akachukua kijiko, akaonja, akafunga macho.

"Wali huu una harufu ya moshi. Ni mutamu sana. Munaupika namna gani?"

Gédéon akafungua kinywa. Lakini Dorothée alikuwa amekwisha kusimama.

"Nitakuambia, mama. Kwanza unangoja mwaka. Unachagua masuke mazuri, unayaweka juu ya moto toka mavuno mpaka leo, watoto wako wanalala njaa na mpunga uko juu ya vichwa vyao, na wewe unawakatalia. Unasema, hapana, ile ni mbegu. Halafu siku unakwenda kuzika, prezida anakuja kuichukua, anakupikia wewe."

Kijiko kikakaa hewani.

"Ile ni mbegu?" Madame Laetitia aliuliza polepole.

"Lengo lenu la pili liko kwenye sahani yako, mama, na kuku juu yake. Munakula bonde letu la mwaka kesho. Kula tu, limekwisha kuiva, haliwezi kurudi kwenye udongo."

"Mama Dorothée!" Gédéon alinguruma. "Unatutia haya mbele ya wageni!"

"Haya? Haya unaijua rangi yake?"

Souleymane akacheka, akavaa kofia yake. "Wamama, musigombane. Mvua iko karibu. Mukikosa cha kupanda, mutakuja kwangu kuosha mchanga. Mashimo hayamufukuzi mutu."

Hayo ndiyo yalichoma kuliko yote, kwa sababu yalisemwa kwa upole. Mjane wa ng'ambo ya mto akatema mate chini. Madame Laetitia alitua sahani juu ya majani, kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza kitoto.

"Sikujua," alisema. "Nisamehe, mama. Nitaandika kwenye ripoti. Mwezi wa kumi na moja tunaweza kuleta…"

"Mvua haisomi ripoti."

Na hapo Dorothée alimgeukia Gédéon. Sauti yake ilishuka, na waliomjua wakasogea nyuma. "Wazee walisema nini juu ya mutu anayekula mbegu ya wenzake? Sema weye, prezida. Unajua maneno."

Wanawake wakamsemea, wote pamoja: "Uchaga wake unashushwa!"

"Hiyo ni sheria ya zamani!"

"Na kinu ni cha zamani. Mbona ulikitumia?"

Walikwenda nyuma ya nyumba kundi zima, wengine na vijiko bado mkononi. Mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama Mathilde, mchi ameushika kwa mikono miwili.

"Atakayepita hapa nitamupasua."

Alikuwa hatanii. Alikuwa na mabega ya mwanamke aliyetwanga tangu asubuhi. Kundi likasimama. Mama wa kwaya akasema twende tu, tuko wengi, lakini Dorothée akanyoosha mkono kumzuia. Akafungua pembe ya kitenge, akatoa vitambaa, akavitandaza juu ya udongo mbele ya miguu ya Mathilde.

"Angalia. Hiki cha nani? Hiki cha mjane. Hiki cha mama wa kwaya. Na hiki chekundu chenye vifaranga?"

Mathilde akaangalia. Kilikuwa kipande cha kitenge cha ndoa yake. Mavuno yalipokwisha alikuwa amepeleka fungu lake la bonde kwa Dorothée kama wenzake.

"Na lako ulilitwanga, Mathilde. Kwa mikono yako. Ulilinda ya mlangoni kwako, ukatwanga ya bonde, na lako lilikuwa humo humo."

Mchi ulianguka. Mathilde aliingia ndani, wakasikia anapanda juu ya gogo, anakohoa katika moshi. Kisha mafungu yakaanza kuruka nje mlangoni, meusi, mazito, moja baada ya lingine.

"Chukueni! Chukueni yote! Na yeye mwenyewe mumuchukue!"

"Huyo baki naye!" akajibu mama wa kwaya, na wakacheka, kicheko kikali kisichokuwa na furaha ndani yake. Gédéon alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, tai imempinda. Hakuna aliyempa njia wala kumwangalia.

Dorothée alipiga magoti, akaanza kufunga vitambaa. Mafungu hayakufikia vitambaa. Akafungua makubwa, akayagawa, akachanganya na yale yaliyobaki kwenye kitunga, akafunga upya, kila moja jembamba kuliko lilivyopaswa kuwa. Kitambaa cha vifaranga akakifunga pia.

"Hata yeye, wifi?" Elsa aliuliza, macho yamevimba.

"Hata yeye. Bonde ni pana na yeye ana mabega. Lakini nikimuona anapumzika, nitamuzika."

Mtu wa proje mwenye kamera alisogea, akauliza kwa heshima kama anaweza kupata foto moja ya wamama na mbegu zao. Madame Laetitia akamshika mkono, akamtoa pale.

Walipobeba mafungu kichwani kupita barabarani, Souleymane alikuwa anapanda pikipiki yake.

"Nimehesabu kwa macho tu," alisema. "Hiyo haifiki nusu ya bonde, Mama Dorothée."

"Nusu tutapanda mpunga. Nusu ingine tutapanda muhogo, tutapanda mahindi, tutapanda hata maboga na nyanya chungu. Na mahali patakapobaki tutapanda miguu yetu, tusimame hapo mvua yote. Beleshi lako litakosa pa kuingia."

Souleymane akawasha, akaondoka na moshi wake.

Jikoni, moto ulikuwa umezimika. Elsa alikuwa ameuacha akimbilie kutwanga, na mafiga yalikuwa baridi kama tumbo la maiti. Dorothée alichukua kaa la moto kwa jirani, akainama, akapuliza. Alipuliza kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka, mpaka majivu yakamrukia usoni, mpaka ulimi wa moto ukatoka. Akapanga mafungu juu ya uchaga. Kulikuwa na nafasi tupu nyingi kati yake, na kila alipoiona nafasi moja alitaja jina la Gédéon na neno lisilosemwa kanisani.

"Elsa."

"Naam, wifi."

"Siku ingine mutu akikuambia nimemupigia simu, kwanza umupige mchi. Halafu ndiyo uniulize kama ni kweli."

Elsa akataka kucheka, akamwangalia vizuri, akaona si mzaha. Akavuta kigoda, akakaa karibu na moto, akauangalia.