Sauti ya Juu Kwenye Kiitikio

Fundi aliigeuzageuza ile sahani mpya ya santuri, akainusa, kisha akairudisha kwenye jalada lake.

"Imeandikwa hapa kwamba imesafishwa upya," alisema. "Muziki si shati, mwanangu. Utasafishwaje?"

"Sikiliza kwanza, baba mdogo, ndipo ulalamike," alijibu mshonaji.

Alikuwa ameinunua kwa sababu wimbo mmoja ulikuwemo: ule ambao mama mdogo wake, mke wa Fundi, aliuitikia enzi za usichana wake. Mama mzazi wa mshonaji naye alikuwa mwitikiaji katika bendi hiyo hiyo. Alifariki kabla bintiye hajaota meno, akaacha picha moja na gauni lenye vifungo vya bluu. Mama mdogo ndiye aliyemlea.

Fundi alikuwa na sahani ya zamani, ile iliyotoka mwaka wimbo ulipopigwa. Maisha yake yote alitengeneza redio za watu, lakini gramafoni yake hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Aliweka ya zamani kwanza, "ili mgeni amkute mwenyeji."

Sindano ilishuka, ikakwaruza kidogo kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Kisha yakaingia matarumbeta, mazito, ya joto, yakaijaza sebule mpaka kwenye pazia. Kiitikio kilipofika, sauti za wanawake zilipita nyuma ya matarumbeta kama ukungu. Fundi akainua kidole.

"Huyo hapo!"

Ndivyo alivyofanya tangu walipooana. Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi, hakuinua hata macho. "Haya, umenisikia. Hongera."

Halafu wakaweka mpya. Ngoma ilipoanza, mke wa Fundi aligeuka kutazama mlango akidhani kuna anayebisha. Hakukuwa na mkwaruzo hata kidogo. Gitaa la besi lilisimama peke yake, kila uzi unasikika, na matarumbeta yakatoka makali.

"Wameyanoa," alinung'unika Fundi. "Tarumbeta limekuwa wembe. Hivi ndivyo walivyo—"

Kiitikio kikamkatiza. Ukungu ulikuwa umeondoka. Sauti moja ya kike ilipanda juu ya nyingine zote, nyembamba, imara, ikauvuta mwisho wa mstari kwa muda mrefu kidogo kuliko wenzake, kama asiyetaka kuuachia.

"Huyo hapo!" Fundi alisema, safari hii kwa kunong'ona, macho yamemlowa. "Mke wangu, si nilikwambia?"

Mkewe alikuwa ameisimamisha pasi wima. "Siyo mimi," alisema. "Ni dada."

Wimbo uliendelea hadi kiitikio cha pili, na ile sauti ikarudi. Mshonaji alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mkono mdomoni.

"Siku ya kurekodi tulisimamishwa kule mlangoni, mbali na maikrofoni," mama mdogo alisema polepole. "Dada alikasirika. Akaniambia, leo watanisikia hata wakiniweka barabarani. Mimi ni huyu wa chini, anayemfuata kwa woga. Mnamsikia?"

Walimsikia.

Fundi alijishika kichwa. "Kumbe miaka yote namwinulia kidole shemeji!"

"Angekuzaba kofi," mkewe alisema, na wote wakacheka, na katikati ya kicheko hicho mshonaji akaanza kulia. Mama mdogo akaja kukaa naye, akamvuta kichwa begani kama alivyomvuta alipokuwa mdogo.

"Akiongea alikuwa hivi hivi?" mshonaji aliuliza.

"Akiongea alikuwa mkali zaidi. Hapa amejitahidi kuwa mpole."

Walirudia wimbo mpaka mashati yaliyobaki kwenye kapu yakasahaulika. Kisha mshonaji akaomba jambo ambalo Fundi hakulitarajia: arudishe ile ya zamani.

"Nataka kujua kama alikuwemo."

Fundi alifuta sindano kwa brashi yake ndogo, akaishusha kwa uangalifu. Mkwaruzo, matarumbeta, ukungu. Waliinama kuelekea spika. Na kwa kuwa sasa walijua pa kumtafuta, walimkuta: uzi mwembamba nyuma ya matarumbeta yote yale.

"Alikuwemo," mshonaji alisema.

"Ya zamani ina matarumbeta yenyewe, hilo sirudi nyuma," Fundi alisema. "Ila hii mpya ina shemeji. Ichukue, mwanangu."

"Nilikuletea wewe. Tena sina gramafoni."

"Na mimi ni fundi wa nini?" Akaingia chumba cha nyuma, wakamsikia akifungua droo na kutafuta mkanda wa kuzungushia sahani, huku akizigombeza bisibisi zake.

"Nifundishe," mshonaji alisema. "Wewe imba ya chini, mimi ya juu."

Mama mdogo alikataa, akasema koo limeshika kutu, kisha akaanza. Mshonaji akamfuata, akaukosa mstari wa kwanza, akaupanda wa pili kwa nguvu zote na kuukosa vibaya zaidi. Kule nyuma droo ziliacha kugongana.

"Sauti yake hukurithi," mama mdogo alisema, akimpangusa shavu kwa kanga. "Umerithi kiburi cha kuimba hivyo hivyo. Haya, tena. Na mwisho uuvute, usiukate."